Kufua Bila Israfu: Sabuni Kidogo, Maji Kidogo, Nguo Safi

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana wa kike na wa kiume baada ya sala ya Alasiri, mwezi wa Shaabani. Imeandikwa hapa kama ilivyosemwa.)



Ndugu zangu vijana, shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha kwenye mlango wa mwezi mtukufu. Ama baad. Mmezoea katika vikao hivi kusikia mada za funga, za zaka na za kumi la mwisho. Mimi leo nimeombwa nizungumze juu ya nguo chafu. Naona wapo wanaotabasamu, hasa kaka zetu waliokaa kule nyuma. Tabasamuni, lakini msiondoke, maana nusu ya maneno haya ni yenu.

Hebu jiulize ewe msomaji: nyumbani kwenu anafua nani? Na anafua lini? Ramadhani ikiingia, nguo huongezeka. Kanzu ya tarawehe yataka kuwa nyeupe kila usiku, na jasho la Mombasa mwalijua. Kanga za jikoni zinanuka mafuta ya sambusa. Watoto wamemwagikiwa na uji, na juisi ya ukwaju, na mchuzi. Wageni wa futari wamekuja na mikeka na mashuka yametandikwa. Basi rundo huwa mara mbili ya siku nyingine, na anayelifua yuko katika funga, jua la saa saba liko utosini, na maji yamenunuliwa kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni msichana mmoja. Wenzake wamekwenda darsa, yeye yuko uani na karai. Ikifika tarawehe amechoka, amelala. Hilo ndilo lililonifanya niikubali mada hii. Sabuni ni pesa, maji ni pesa, lakini ibada ya yule binti nayo pia imo ndani ya beseni lile.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa. Watu wasema sabuni imepanda. Ni kweli imepanda. Lakini nikitazama uani kwa watu naona sabuni nyingi haifui kitu, inamwagwa tu. Tumejifunza kwamba nguo haijafuliwa mpaka povu lijae beseni na lifurike mpaka kwenye sakafu. Povu halifui! Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maji ya sabuni. Kinachofanya kazi ni ile sabuni iliyo ndani ya maji yenyewe, ambayo hushika mafuta na uchafu ikautoa kwenye uzi. Halafu mkono wako unaosugua, na muda ulioiacha nguo ilowane. Ukizidisha unga wa sabuni, ule uliozidi hauna kazi, na hasara yake haiishii hapo. Lazima usuuze mara tatu au nne badala ya mbili, kwa hivyo umelipa sabuni kisha ukalipa maji ya kuiondoa hiyo sabuni. Na usiposuuza vya kutosha inabaki kwenye nguo. Kitambaa kinakuwa kigumu, nguo nyeupe inapoteza weupe, na mtoto mwenye ngozi laini anajikuna shingo na kwapa usiku kucha, mama yake akinunua dawa ya upele.

Basi pima. Usimimine kutoka kwenye pakiti kwa jicho. Weka kijiko kimoja ndani ya kopo la unga wa sabuni na kikae humo humo. Anza na nusu ya ulichozoea kutia, ufue wiki moja, kisha uzitazame nguo zako. Zikiwa safi, umepata jibu. Zikiwa bado, ongeza kijiko. Hapana mtu atakayekupimia kutoka mbali, kwa sababu maji ya kwenu si maji ya kwetu.

Na sabuni ya mche, ile tunayokatakata vipande, ina adabu yake. Ukiinunua mbichi ikiwa laini, usiitumie siku ile ile. Ikate vipande kwa uzi au kisu, vipange mahali penye hewa pasipo jua, viache siku kadhaa vikauke. Sabuni iliyokauka huwa ngumu, haiyeyuki ovyo, na kipande kimoja huenda mbali zaidi. Mabibi zetu waliipanga juu ya kabati, wakaonekana wachoyo. Walikuwa wanajua. Na ukiwa unafua, usikiache kipande kiogelee ndani ya maji, kwani ukija kukitafuta ni nusu. Kiweke juu ya jiwe au kisahani kilichotobolewa. Vile vijipande vya mwisho visivyoshikika visitupwe: vikune, uvitie kwenye chupa na maji ya moto, vikiyeyuka hapo una sabuni ya maji ya kupaka kwenye kola na kwenye mikono ya kanzu.

Jambo la ununuzi. Zile pakiti ndogo ndogo zinazoning'inia dukani kama shanga ni rahisi kuzinunua kwa kuwa zataka sarafu tu. Lakini chukua bei, igawanye kwa gramu zilizoandikwa, kisha fanya hivyo hivyo kwa mfuko mkubwa. Mara nyingi utakuta maskini ndiye anayelipa bei ya juu kwa kila gramu. Sitawaambia "nunueni mfuko mkubwa" kana kwamba sijui kwamba pesa ya mfuko mkubwa haiko. Ninasema hivi: nyumba tano za uchochoro mmoja zikichanga, zikanunua katoni ya sabuni ya mche na mfuko mkubwa wa unga kwa bei ya jumla, kisha zikagawana kwa mizani ya duka, kila mmoja amepata. Vijana mnaochanga pesa za jezi za mpira hamshindwi na katoni ya sabuni.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Maji yanayopita katika mawe hayo hubeba chokaa, na karibu na bahari huingiliwa na chumvi. Maji matamu ya mfereji hutoka mbali; yale ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo, yalianza kuletwa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Yanapokatika, turudi kisimani. Na kila aliyefua kwa maji ya kisima anajua: unasugua sabuni ya mche, povu halitoki, juu ya maji kunafanyika utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na nguo inatoka na rangi ya kijivu. Watu husema "sabuni hii mbovu", wakaongeza sabuni. Sabuni si mbovu. Chokaa iliyomo ndani ya maji imeikamata sabuni ikaigeuza kuwa ule utando, na haitakubali kufua mpaka chokaa yote ishibe kwanza. Kwa maneno mengine, sehemu ya sabuni yako inafua maji kabla haijafua nguo.

Ukitaka kujua maji yako ni ya namna gani, chukua chupa ya nusu lita, itie maji mpaka katikati, kwangua sabuni ya mche kidogo utie ndani, uitikise. Likitoka povu zuri na maji yakabaki safi chini yake, maji yako ni laini. Yakiwa na vijinyama vyeupe vinavyoelea na povu hakuna, basi ni maji magumu.

Dawa yake tunayo hapa hapa Kenya, wala si ghali. Ni magadi. Ndiyo, yale yale mnayotia kwenye kunde na maharagwe yaive upesi. Ziwa Magadi, kule kusini katika Bonde la Ufa, limejaa magadi, na tangu mwaka 1911 pana kampuni inayoyachimba na kuyasafirisha hata nje ya nchi, ambako hutumiwa kutengeneza vioo na sabuni. Magadi yakitiwa ndani ya maji huikamata ile chokaa, ikatulia chini kama vumbi jeupe, na sabuni ikawa huru kufanya kazi yake. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima, kijiko kimoja cha chakula chatosha. Yayeyushe kwanza katika kikombe cha maji ya moto, yachuje kwa kitambaa maana ya sokoni huwa na mchanga, yatie ndani ya ndoo, koroga, acha nusu saa yatulie. Kisha mimina yale ya juu polepole na ufulie. Utashangaa sabuni inavyotoa povu. Lakini sikilizeni: magadi hayaondoi ladha ya chumvi, kwa hivyo msije mkadhani yamekuwa matamu mkayanywa. Na yanakausha mikono, basi paka mafuta ya nazi baadaye. Nguo za sufu na hariri msizitie magadi kabisa.

Wasiotaka habari za magadi, basi kwa maji ya kisima watumie sabuni ya unga badala ya ya mche, kwani ile haishikwi na chokaa sana. Na kama mfereji umetoka siku moja tu kwa wiki, maji yale matamu yawekeni kwa kufua kwa sabuni na kusuuza mara ya mwisho. Ya kisima yatumieni kulowekea.

Mpango wa beseni uwe hivi. Loweka nyeupe kwanza, nusu saa au saa moja, si usiku kucha. Kwa joto letu nguo iliyolala ndani ya maji hupata uvundo ambao sabuni haiutoi. Maji yale yale uliyofulia nyeupe, bado yana nguvu, yafulie za rangi, na mwisho matambara ya jikoni. Maji ya kusuuzia mara ya pili hayana uchafu wa kusema, yawe ndiyo ya kulowekea rundo linalofuata. Na yale meusi ya mwisho yamwage chooni au yasugulie ngazi. Kwa utaratibu huu, tone moja la maji linafanya kazi tatu.

Lakini hapa pana jambo la twahara, na ni lazima nilitaje. Safi na twahara si kitu kimoja. Sisi wa pwani wengi wetu twafuata madhehebu ya Imam Shafi, na humo maji yasiyofika kulla mbili, takriban lita 200, hunajisika yakiingiwa na najisi hata kama hayakubadilika rangi wala harufu. Beseni lenu ni lita ngapi? Basi mkichukua nguo ya mtoto yenye mkojo mkaitumbukiza ndani ya beseni pamoja na kanzu za watu, mmekusanya matatizo. Nguo ile ianze peke yake. Ondoa najisi yenyewe, kisha imiminie maji safi juu yake mpaka alama na harufu ziondoke, ukamue. Ndipo iingie beseni na wenzake. Kwa kopo moja la maji umeokoa ndoo nzima. Na mtoto mchanga wa kiume ambaye hajaanza kula chakula, ananyonya tu, mkojo wake una hukumu nyepesi, kunyunyiziwa maji pahala pale kwatosha. Wa kike huoshwa. Mwenye shaka amwulize ustadhi wake, asiongeze ndoo kwa wasiwasi. Wasiwasi nao ni israfu. Nimeona dada anayesuuza nguo moja mara saba, ilhali jirani yake hana maji ya kutilia udhu.

Sasa kaka zangu kule nyuma, amkeni.

Kanzu yako ya tarawehe ina uchafu gani? Ukiitazama kwa haki, ina jasho, na vumbi kidogo kwenye pindo. Jasho ni maji na chumvi zaidi ya kitu kingine, na chumvi huyeyuka kwa maji matupu. Kwa hivyo ukirudi msikitini, kabla ya kwenda barazani kupiga soga, vua kanzu, itie ndani ya nusu ndoo ya maji bila sabuni, ibonyeze mara kumi, paka ile sabuni ya chupa kwenye kola na kwapani, suuza, usiikamue, itundike kwenye henga ikiwa inachuruzika. Uzito wa maji unanyoosha mikunjo. Alfajiri imekauka, na pasi karibu haina kazi. Sabuni kamili iwe kila baada ya siku tatu. Na ndani yake vaa fulana. Fulana ndiyo inywe jasho, kwani fulana ni rahisi kufua kuliko kanzu. Kazi yote hiyo ni dakika kumi. Mtume (s.a.w.) amepokewa kwamba alikuwa akijishonea nguo yake na kurekebisha viatu vyake nyumbani kwake. Wewe, ewe kijana wa miaka ishirini, wamtupia dadako kanzu saba Ijumaa asubuhi, ati kwa kuwa yeye ni mwanamke?

Madoa nitasema machache, maana kila mtu ana dawa zake na nyingine ni hekaya tu. Doa lolote ni mbio, leo ni rahisi kuliko kesho. Damu, yai na maziwa yataka maji baridi. Ya moto huyapika ndani ya uzi yakashika. Mafuta ya sambusa yapakwe sabuni ya mche ikiwa kavu, juu ya nguo kavu, kabla ya maji. Manjano ya biriani yatakutisha, kwani ukipaka sabuni doa hugeuka jekundu. Usiogope wala usimwage dawa kali. Fua kama kawaida kisha anika juani. Manjano hayastahimili jua, hufifia siku baada ya siku mpaka yakaondoka. Kutu hutolewa kwa limau na chumvi na jua. Utomvu wa ndizi, maji ya kumbi la dafu, na bibo la korosho, hayo wallahi ni mabaya, basi mwenye kuyashughulikia avae nguo kuukuu.

Buibui nalo latutoa pesa bila sababu. Weusi wake haufi kwa kuvaliwa, unakufa kwa maji ya moto, sabuni nyingi, na jua kali. Lifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, ligeuze ndani nje, lianike kivulini penye upepo. Na kanga mpya ifuliwe peke yake mara mbili tatu za kwanza, iache wanga wa kiwandani na rangi iliyozidi vitoke. Wapo wanaoitia chumvi ili rangi ishike. Chumvi haifungi rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani, pikieni.

Buluu, ile ya kutia kwenye nguo nyeupe, ni halali yenu lakini jueni inafanya nini. Haitoi uchafu. Nguo nyeupe ikizeeka huwa na umanjano, na rangi ya buluu kidogo hulihadaa jicho likaona weupe. Basi itieni kwa nguo safi katika maji ya mwisho, iyeyushwe kwanza, isije ikaacha madoa. Ukiitia kwa nguo chafu umepaka rangi juu ya taka.

Na sasa jambo ambalo sitalisema kwa mzaha. Jiki. Dawa hii ya kung'arisha yatumika katika kila nyumba, na siku hizi hununuliwa kwa kupimiwa, mtu aja na chupa yake. Chupa ipi? Ya soda, au ya maji ya kunywa. Inapelekwa nyumbani, inawekwa kona ya jikoni au chini ya sinki. Fikiria magharibi inaadhiniwa, meza imejaa vinywaji, na mtoto wa miaka sita aliyefunga funga yake ya kwanza amekauka koo. Anaona chupa. Haya si mambo ya kubuni, madaktari wa watoto huyaona, ya jiki na ya mafuta ya taa. Kwa hivyo dawa hizi zisikae ndani ya chupa ya kinywaji hata kwa saa moja. Ziwe katika chombo chake chenye maandishi, juu, mbali na mikono ya watoto. Na ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, kwani itamchoma tena ikipanda. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na chukua ile chupa uwaonyeshe.

Tena jiki isichanganywe na limau, siki, wala dawa nyingine yoyote ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu hazina madirisha makubwa. Wala usiitie kwenye doa la kutu, utalizidisha. Wala kwenye sufu, hariri, au kanzu ya nailoni. Hizo hugeuka manjano au kuoza. Kwa pamba nyeupe tu, kidogo, ndani ya maji mengi, dakika chache, kisha suuza. Ukweli ni kwamba mwenye kuloweka vizuri na kuanika juani haihitaji mara nyingi.

Jua na upepo ni vya bure. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka: mwaka 2022 tuliifunga Aprili, ndani ya masika, na nguo zilikaa kambani siku mbili, mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 mwezi wa Februari, ikatukuta kwenye kaskazi, nguo ikikauka kabla hujamaliza kuanika nyingine. Basi kaskazi ikiwapo, fua asubuhi mapema baada ya Alfajiri, viungo vikiwa na nguvu ya daku na jua halijapanda. Kukuta nguo kwa nguvu kabla ya kuitundika ni nusu ya pasi. Za rangi zigeuze. Anua kabla ya magharibi, umande wa bahari usizirudishe unyevu. Msimu wa mvua usizirundike zikiwa na unyevu ndani ya kabati, zitapata koga. Afadhali zining'inie chumbani dirisha likiwa wazi. Na nepi na nguo za ndani zilizoanikwa kivulini zipigwe pasi, maana kuna nzi katika nchi zetu za joto anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia ngozini. Moto wa pasi huyaua. Nguo nyingine zote, kunja vizuri, uzilalie. Pasi ya umeme ya wati 1000 hula yuniti nzima kwa saa moja, basi pigeni zote kwa mara moja, mkianza na zinazotaka moto mdogo.

Wenye mashine, nanyi nisiwasahau. Ijazeni kabla ya kuiwasha, na tumieni maji baridi, kwani sehemu kubwa ya umeme wake huenda kupasha maji moto. Zaidi ya hapo fuateni kijitabu chake.

Na wenye kumwita mama fua. Huyu naye amefunga, na kwake ana rundo lake linalomngoja. Ukipatana naye kwa siku, usimtolee mapazia na mazulia baada ya kukubaliana bei ya nguo. Zipambanue mwenyewe nyeupe na za rangi, angalia mifuko, na umlipe kabla hajaondoka uani, kwa maana yeye futari yake anainunua njiani akirudi. Ukitaka kubana matumizi, mpunguzie nguo. Ujira wake usiuguse. Watoto wa miaka kumi wanaweza kufua soksi na kofia zao.

Nikitaja kofia nimekumbuka, kwa kuwa Idd inakuja. Kofia ya vito isisuguliwe. Iloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ibonyeze kwa vidole, suuza. Kisha yale maji ya mchele uliyoyamwaga juzi, safari hii yaweke: yapoe, yachuje, iloweke kofia humo dakika tano. Ivishe juu ya kopo au bakuli linalolingana na kichwa chako, inyooshe kingo kwa mkono, iache upeponi. Itasimama yenyewe, bila kanji ya dukani. Ifanyeni siku mbili kabla ya mwezi kuandama, msingoje usiku wa Idd, usiku ule uani hapatakuwa na nafasi.